Muulize Fundi: Nyumba ya "Kiitaliano" na banda lililoinama

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya shambani kusini ya mji wa Albany, jimbo la New York. Mwenye nyumba, mzee wa miaka themanini na kitu, anasema ni nyumba ya "Kiitaliano" ya mwaka 1868, na kwamba tukitaka atatuuzia pamoja na kiwanja chake. Juu ya paa kuna kijumba cha madirisha pande zote nne, wakazi wake ni nyigu. Nyuma kuna banda kubwa la mbao, limeinama kama mtu anayeumwa kiuno, nalo lina kijumba chake juu. Shemeji yangu anatushauri banda tulivunje tuuze mbao. Je, waliojenga walikuwa Waitaliano? Vijumba vile ni vya nini? Na banda tulifanyeje?
Mama Pacha, New York

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji mkaribishe chai, ila shoka lifiche kwanza.

Waitaliano hawamo kabisa. Aliyejenga alikuwa mkulima wa hapo hapo aliyeuza jibini, sufu na nyasi, akapata fedha, akataka watu wajue. Mtindo wenyewe ulianzia Uingereza. Mnamo 1802 msanifu majengo John Nash alijenga nyumba iitwayo Cronkhill huko Shropshire, akiiga nyumba za mashamba ya Italia ambazo Waingereza walizoea kuziona kwenye picha za kuchora. Baadaye Malkia Victoria na mumewe Albert wakajijengea Osborne katika kisiwa cha Wight, kati ya 1845 na 1851, yenye minara ya namna hiyo hiyo. Malkia akishavaa, nani atakaa bila?

Huku Marekani aliyeueneza zaidi ni Andrew Jackson Downing, mtoto wa mwenye kitalu cha miche pale Newburgh, kando ya mto Hudson. Alitoa vitabu vya ramani za nyumba, kimoja 1842, kingine 1850. Tajiri wa kijiji alifungua kitabu akagusa picha kwa kidole, fundi akajikuna kichwa akaanza kupima. Leo wateja wangu wananiletea simu, lakini kidole ni kile kile. Downing mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yake: tarehe 28 Julai 1852 meli iitwayo Henry Clay iliwaka moto katika mto ule ule wa Hudson, akafa na miaka 36.

Simama barabarani uitazame nyumba yako. Paa lina mteremko mdogo, upenu umetoka nje sana, na chini ya upenu kuna vikono vya mbao vilivyokatwa kwa madaha, mara nyingi viwili viwili. Madirisha ni marefu na membamba, kila moja na unyusi wake juu. Vile vikono usivihofie vikilegea, kwa kawaida havibebi kitu, ni hereni tu. Msumeno wa mvuke ndio uliovifanya rahisi: kazi iliyomchukua fundi kutwa nzima kwa mkono ikawa inatoka kiwandani kama maandazi, na mkulima naye akaweza kuvaa hereni za tajiri.

Na kwa kuwa mko karibu, wachukue mapacha mwende Kinderhook mkaione Lindenwald, nyumba ya Martin Van Buren, rais wa 8. Huyu ni rais ambaye lugha yake ya kwanza haikuwa Kiingereza, ilikuwa Kiholanzi. Nyumba ilijengwa 1797 na mzee Van Ness, ya matofali, pande sawa, imetulia kama sanduku. Van Buren akainunua 1839 akawa mkulima. Kisha mwanawe Smith akakubali kuhamia kwa baba kwa sharti kwamba nyumba ikarabatiwe, na kazi akapewa msanifu Richard Upjohn, yule aliyechora kanisa la Trinity jijini New York. Kati ya 1849 na 1850 sanduku likaota mnara wa ghorofa nne, likapata baraza jipya mbele, matofali yakapakwa manjano. Mzee aliandika kwa kejeli kwamba Van Ness baba alijenga vizuri, mtoto wake akaharibu, yeye Van Buren akabomoa ya mtoto, na sasa Smith anabomoa ya kwake. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, nikakumbuka nyumba za urithi kwetu Pangani.

Sasa kijumba cha juu, ambacho mafundi wa hapa wanakiita kupola. Kweli kilikuwa cha kujionyesha: bwana anapanda kutazama shamba lake, na jirani anamtazama bwana. Lakini kina kazi. Siku ya joto mwezi wa Julai fungua madirisha yake, fungua mlango wa ngazi, na madirisha ya chini upande wa kivulini. Hewa moto itapanda kama moshi kwenye dohani na hewa ya chini itavutwa ndani. Shika kipande cha karatasi laini pale kwenye ngazi uone kinavyovutwa kuelekea juu. Kama madirisha yamepigiliwa misumari, kama nilivyokuta kwenye nyumba nyingi, yafungue. Nyigu wasubirie baridi.

Kupola ya banda haina vioo, ina mbao zilizolazwa mshazari, na hiyo si ya maringo hata kidogo. Nyasi zikiingizwa hazijakauka vizuri huchachuka, hupata joto, na zinaweza kuwaka zenyewe pasipo mtu kuwasha kiberiti. Ng'ombe nao chini wanapumua na kutoa jasho usiku kucha. Ule unyevu ukikosa njia unaozesha paa. Kwa hiyo banda lako lina mapafu, na ukikuta mtu ameyaziba kwa plastiki, toa leo.

Kabla ya kuzungumzia kuvunja, chukua tochi uingie ndani. Usiimulike nguzo usoni, ilaze tochi ubavuni mwake ili mwanga uteleze juu ya mti. Utaona makovu ya shoka na tezo kwenye boriti kubwa. Kwenye mbao za kuta tazama alama za msumeno: zikiwa mistari iliyonyooka sambamba, ni msumeno wa zamani wa kupanda na kushuka. Zikiwa pinde kama robo ya sahani, ni msumeno wa duara. Misumari nayo inasema: yenye shina bapa ni ya karne ile, ya waya wa mviringo ilishika soko miaka ya 1890. Ukikuta mistari iliyonyooka na misumari bapa mpaka darini, kuna uwezekano mkubwa banda lina umri mkubwa kuliko nyumba. Mimi sitashangaa. Mkulima mwenye akili alianza na banda, akalala kwenye kibanda duni miaka kadhaa, banda likamjengea nyumba.

Halafu tafuta kwenye maungio. Hakuna msumari pale: boriti imechongwa ulimi, nguzo imetobolewa tundu, na kigingi cha mwaloni kimepita katikati. Karibu na ungio kuna mikato ya patasi, I, II, III, IIII. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliiona nikadhani watoto walichezea kisu. Mzee niliyekuwa chini yake, mtu wa maneno machache, akanishika kidole akakiingiza ndani ya mkato, kisha akakipeleka kwenye boriti ya pili, mkato ule ule. Fremu ilichongwa yote chini, kila ulimi ukapimwa kwa tundu lake peke yake, ikafunguliwa, ikawekwa namba, ndipo ikasimamishwa kwa nguvu za kijiji kizima. Wenyewe wanaziita alama za ndoa. Na kwa maelezo tu, hizo namba za Kirumi ndizo kitu pekee cha Italia kilichopo kwenye kiwanja chako.

Shemeji hakukosea kuhusu fedha. Kama boriti ni za mchesinati, mti huo uliuawa na ugonjwa ulioonekana mara ya kwanza New York mwaka 1904, na mbao za ukubwa ule hazikatwi tena. Wanunuzi wapo. Lakini banda lililoinama si banda lililokufa. Mara nyingi paa limevuja kona moja, maji yakaozesha boriti ya chini inayokalia mawe ya msingi, na nguzo ikazama. Anza na paa. Kisha boriti ya chini, kipande kilichooza tu. Mwisho ndio kulivuta lisimame kwa kamba za chuma, inchi kwa inchi, kwa majuma. Fundi anayekuahidi siku moja mfungulie geti atoke.

Mambo mawili kwa nyumba. Rangi za zamani zina madini ya risasi, zilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Una mapacha, kwa hiyo usikwangue wala usipige msasa mpaka zipimwe. Na dohani ikichakaa, usikubali saruji. Hili ni kosa langu mwenyewe: niliziba maungio ya matofali laini kwa saruji nzito, nikajisifu, na majira ya kuchipua nikakuta nyuso za matofali zimedondoka chini kama maganda ya mayai. Maji yalikosa pa kutokea, baridi ikayagandisha ndani. Nimekulia kwenye nyumba za chokaa, na bado nilisahau chokaa.

SWALI: Fundi, kwa nini mabanda ya huku ni mekundu na nyumba nyeupe?
Msomaji, Ohio

JIBU: Urahisi. Udongo wenye kutu ya chuma ukichanganywa na mafuta ya kitani unatoa rangi nyekundu ya bei ndogo inayodumu, na banda linameza rangi nyingi. Nyeupe ilikuwa heshima. Downing, yule wa vitabu, aliichukia nyumba nyeupe katikati ya majani mabichi, akashauri rangi za mchanga na majivu. Wamarekani walinunua vitabu vyake wakaendelea kupaka nyeupe.

SWALI: Nyumba hizo za kitajiri na sisi watu wa pwani tunahusiana nini? Ukurasa huu umejaa Marekani.
Mzee wa Ng'ambo, Zanzibar

JIBU: Shikamoo mzee. Sandarusi, ile gundi ya miti iliyoganda ardhini, iliyochimbwa mrima ilipita Unguja ikaenda Salem, Massachusetts, ikasafishwa ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani. Pembe za ndovu zilikwenda Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vyembamba vya piano, na sebule ya nyumba kama hii bila piano haikuwa sebule. Niliwahi kutengeneza ngazi kwenye nyumba ya namna hiyo, piano kuukuu ikiwa ukutani. Nikaangalia kibao kimoja kwa karibu: kimegeuka manjano, na kati ya sehemu pana na sehemu nyembamba kuna mstari kama unywele, kwa sababu pembe iliunganishwa vipande viwili. Nikakibonyeza. Sauti ilikuwa mbovu.