Kinanda kilicholipiwa kwa ng'ombe

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Najifunza kupiga kinanda kanisani. Nimesikia kwamba wanakijiji wa Rysum, Ujerumani, walilipia kinanda chao cha mabomba kwa ng'ombe, na kinapigwa hadi leo. Ni kweli? Na mabomba yanadumuje hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na nafurahi umeuliza, maana hicho ndicho kinanda ninachokipenda kuliko vyote.

Rysum iko Ostfriesland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na mdomo wa mto Ems. Nyumba zake zimezunguka kilima kilichojengwa na watu wenyewe ili wakwepe mafuriko ya bahari, na kanisa liko katikati. Fundi wa kinanda alitoka Groningen, mji ulioko Uholanzi ya leo, ng'ambo ya Ems. Eggerik Beninga, aliyeandika historia ya eneo hilo katika karne ya 16, anasema mwaka 1457 watu wa Rysum walimwomba mkuu wao, Victor Frese, ruhusa ya kuvusha ng'ombe walionona kwenda kulipia kinanda. Hebu fikiri: wafugaji, si wafalme, wanatoa mifugo yao wapate muziki wa ibada!

Kuhusu kudumu. Bomba la kawaida la kinanda ni filimbi ya mchanganyiko wa metali mbili, bati na risasi. Upepo hupenya kwenye ufa mwembamba, hupiga ukingo wa mdomo, na hewa iliyomo ndani hutetemeka. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo filimbi haichakai upesi. Kinachochakaa ni ngozi ya mivukuto, na mbao zikiingiwa na wadudu. Nikiwa kijana, umeme ulikatika katikati ya ibada nikapelekwa nyuma kukanyaga mivukuto. Ngozi ilikuwa na tundu, na nusu ya nguvu zangu iliishia hapo.

Lakini adui mkubwa wa filimbi ni mkono wa fundi. Kila kizazi kinataka sauti ya wakati wake, na fundi akishaukata mdomo juu zaidi, hawezi kuurudisha. Ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi wa vinanda Jürgen Ahrend na Gerhard Brunzema. Walipokikarabati kinanda cha Rysum, kazi iliyokamilika mwaka 1960, waliziacha filimbi za kale ziwaongoze badala ya kuzilazimisha zisikike kama za kisasa. Kina rejista 7 tu, yaani safu saba za sauti, na ubao mmoja wa vidole. Kimetuniwa kwa utaratibu wa zamani wenye theluthi (noti mbili pamoja, kama do na mi) tamu ajabu, ingawa nyimbo za funguo zenye shapu au flati nyingi hulia vibaya. Usiichukulie kuwa kasoro. Muziki wa wakati ule haukuzihitaji.

Ukipata rekodi yake, tafuta mahali Praestant, rejista kuu ya kinanda, inapopigwa peke yake. Sikiliza ile pumzi ndogo inayotangulia kabla noti haijakaa.