Tatuu, piko na kazi ya hoteli: maswali yenu kutoka Malindi na Lamu

Maswali ya safari hii yametoka Malindi, Watamu na kisiwani Lamu. Tumeyafupisha na kuondoa majina ya watu na ya hoteli.

Nimeitwa mahojiano ya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Malindi. Nina tatuu ya waridi kwenye kigasha, upande wa ndani. Niifiche au niwaambie? (Msichana wa Maweni)

Fanya yote mawili, kwa mpangilio huo. Ingia ukiwa umeifunika, ili wakusikilize kwanza. Mkifika kwenye habari za sare, sema wazi kwamba unayo na uulize utaratibu wao ni upi. Ukinyamaza, itaonekana wiki ya kwanza utakapompa mgeni ufunguo, na hapo utakuwa unajieleza kama mtu aliyedanganya.

Shati la mikono mirefu ulijaribu nyumbani: kaa, kisha nyoosha mkono mbele kama unayepokea pasipoti. Mkono wa shati hupanda vidole viwili hadi vitatu, kwa hiyo ukiwa umesimama ni lazima ufike mwanzo wa kidole gumba. Pamba nyeupe nyepesi huonyesha wino, na ikilowa jasho ndiyo mbaya kabisa. Chukua kitambaa kizito kidogo au cha rangi.

Ukitaka kuifunika kwa vipodozi, tatuu iwe imekwisha kupona. Osha ngozi, ikauke, usipake mafuta. Wino mweusi ukishazeeka huwa na ubuluu, na fondesheni peke yake hugeuka kijivu juu yake. Anza na konsila ya rangi ya chungwa iliyokolea, uibandike kwa kugonga-gonga na kidole, usisugue. Ikishika, weka fondesheni ya rangi ya mkono wako, maana ya uso mara nyingi haifanani. Kisha poda, uiache dakika 5, upanguse inayozidi, umalizie na spreyi ya kushikiza. Kosa la wengi ni kupaka tabaka moja nene, ambalo hupasuka mkono ukikunjwa. Matabaka mawili membamba hushinda. Lijaribu zoezi hili siku moja kabla.

Kwa kazi ya kila siku usijitese na vipodozi katika joto la Malindi. Ukikubaliwa, omba uvae soksi ya mkono ya rangi ya ngozi, ile wanayovaa waendesha baiskeli.

Nimefanya kazi hotelini miaka minne nikiwa na tatuu shingoni. Amekuja meneja mpya, amesema niondoke mwisho wa mwezi kwa sababu ya "muonekano". Nina haki gani?

Tuanze na lisilopendeza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi iliyotajwa, kama rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito na hali ya HIV. Tatuu haimo. Mwajiri anaweza kuweka kanuni ya muonekano, na kusema tu "ni uhuru wangu wa kujieleza" hakutakufikisha mbali.

Nguvu yako iko kwenye utaratibu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kukuachisha kwa sababu ya mwenendo au utendaji, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na asikilize majibu yako. Una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama kwenye kikao hicho. Kifungu cha 43 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha sababu. Na sababu hii ina tundu kubwa: walikuajiri ukiwa nayo, wakakuweka miaka minne.

Kwa hiyo usitie saini barua ya kujiuzulu hata ukiambiwa ndiyo njia ya heshima. Omba sababu kwa maandishi. Tafuta picha za zamani za kazini zinazoonyesha shingo yako, pamoja na mkataba na karatasi za mshahara. Kama wewe ni mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, mwone mwakilishi leo, usingoje mwisho wa mwezi. La sivyo, nenda ofisi ya kazi ya kaunti. Ikifika kortini, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Malindi, na fidia ya kuachishwa isivyo haki inaweza kufika mshahara wa miezi 12, ingawa hicho ni kilele, si kawaida. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Tungekushauri usiutumie wote, kwa kuwa mashahidi wa hotelini huhama kila msimu.

Nachora wageni hina na piko ufukweni Shela. Mgeni mmoja amerudi mkono umevimba na una malengelenge, mwenye hoteli amenifukuza. Piko si ndiyo hiyo hiyo tunayowapaka maharusi?

Ndiyo hiyo hiyo, na maharusi nao huungua, ila mengi humalizwa kimyakimya nyumbani. Piko nyeusi kwa kawaida ni dawa ya kutia nywele rangi. Kinachoipa weusi ni kemikali iitwayo PPD. Tazama kwenye kikasha. Ulaya haijaruhusiwa kupakwa kwenye ngozi kabisa, na kwenye dawa ya nywele mwisho ni asilimia 2. Mgeni wako anaujua mpaka huo, au wakili wake anaujua.

Madhara hayaji papo hapo, ndiyo maana wachoraji wengi hawayaamini. Aliyewahi kuguswa na PPD huvimba ndani ya siku 1 hadi 3. Wa mara ya kwanza anaweza kukaa hata wiki mbili, ameshapanda ndege. Malengelenge hufuata mistari ya mchoro wenyewe. Yakipona yanaweza kuacha alama, na mzio haumtoki mtu: siku akitia dawa ya nywele, kichwa na macho hufura. Kumjaribisha kidogo nyuma ya sikio kwa nusu saa hakukuambii chochote.

Huyo aliyeumia aoshe kwa maji na sabuni, asipasue malengelenge, asipake limau wala dawa ya meno, aende hospitali akapewe krimu ifaayo. Uso ukivimba au pumzi ikibana, aende sasa hivi.

Kwa biashara yako, rudi kwenye hina halisi. Kwa gramu 100 za unga wa mhina uliochekechwa, tia mililita 250 hadi 300 za maji ya limau, kidogo kidogo, hadi uji uanguke kutoka kijikoni kama mtindi mzito. Ongeza gramu 20 za sukari ili ushike ngozi, na mililita 30 za mafuta halisi ya lavenda. Usitie petroli wala tapentaini. Funika. Kwa joto la Lamu, anza kuuangalia baada ya saa 4: juu ukigeuka kahawia na chini ukabaki kijani, rangi imetoka. Ukilala nje siku mbili, rangi imekufa. Unaobaki ugandishe kwenye friza.

Mwambie mgeni aukalishe saa 4 hadi 8, aubandue bila maji, asioge baharini siku hiyo. Uji ukibanduka, mchoro utakuwa rangi ya chungwa, naye atalalamika. Mwonyeshe picha ya mkono uliowahi kuupaka, baada ya siku 2, ukiwa kahawia iliyokolea. Uji wowote unaotoa weusi wa makaa ndani ya saa moja si hina, hata muuzaji aape.

Na mtoto mchanga usimpake hata hina safi. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD si jambo la nadra Pwani, na kwa watoto wenye upungufu huo hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Mimi ni nahodha wa mashua, nataka tatuu ya dira begani. Nitaweza kuingia majini siku ngapi baadaye?

Wiki 3 hadi 4, kwa hiyo ichore wakati wa masika, Aprili hadi Juni, wageni wakiwa wachache. Tatuu mbichi ni kidonda. Maji ya bahari yenye joto yana bakteria wa jamii ya vibrio, na mwenye maradhi ya ini huweza kuugua vibaya sana.

Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato. Wiki ya kwanza tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, hasa kama nyumbani mnatumia ya kisima. Kausha kwa tishu, paka losheni kiasi cha kung'arisha tu, na magamba yaache yaanguke yenyewe. Ukianza kazi, vaa fulana: jua la mashuani hula wino.

Kabla ya yote, tazama kovu la chanjo na makovu yako ya zamani. Kama yameinuka na kupita mpaka wa kidonda, bega ni mahali pabaya kwako. Utapata uvimbe wenye umbo la dira. Kwa mchoraji, sindano ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe kwenye kikombe cha kutupwa, na akishika simu abadilishe glavu. Sindano iliyochemshwa kwenye sufuria haitoshi kuzuia homa ya ini.

Je, udhu unashika juu ya tatuu?

Wino uko chini ya ngozi na maji yanafika juu yake, hivyo wanazuoni wanasema udhu ni sahihi, hata wale wanaoharamisha kuichora, nao ndio wengi. Hina nayo ni rangi tu ukishabandua uji.

Nataka kufuta jina la mtu mkononi kabla ya kuomba kazi ya jeshi. Kuna dawa?

Dawa ya kupaka hakuna. Asidi, chumvi ya kusugua na pasi ya moto huondoa ngozi na kuacha kovu, na kovu hilo nalo litaonekana kwenye ukaguzi wa mwili. Njia iliyopo ni leza, mara nyingi mikupuo 6 hadi 12, kila mmoja ukiachana na mwingine wiki 6 hadi 8. Maana yake ni kati ya miezi saba hivi na mwaka mmoja na miezi minane. Kwa ngozi nyeusi uliza mashine ya Nd:YAG ya nanomita 1064; za mawimbi mafupi huweza kuacha mabaka meupe. Wino mweusi hutoka vizuri, kijani na manjano hung'ang'ania. Soma tangazo la uandikishaji la mwaka huo kwanza, kisha uhesabu miezi yako kabla ya kulipa mkupuo wa kwanza.