Nimeandika b, ukutani imetokea d: kamera ya nyaraka katika Darasa la Kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya msingi mkoani Morogoro, watoto 72 chumba kimoja. Wazazi wametuchangia projekta, na mwalimu mkuu yuko tayari kununua ile kamera ya mezani yenye shingo, inayoonyesha karatasi au kitabu ukutani. Kabla hajatoa hela nimejaribu kwa simu yangu: nimeifunga juu ya meza ikitazama chini, nikaiunganisha na laptopu na kuifungua kwa programu ya mikutano. Yamenikuta matatu. Niliandika b, ukutani ikatokea d. Karatasi inaonekana vizuri, lakini mkono wangu unakuwa kivuli cheusi, na kuna mistari inapanda polepole kwenye picha. Halafu watoto wa nyuma wanasema hawaoni. Je, tatizo ni simu? Tununue kamera yenyewe au tuache?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole na watoto 72. Nilishika chaki Darasa la Kwanza kwa miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye kufunga na kutengeneza vifaa vya TEHAMA mashuleni, kwa hiyo hilo suala la b na d nalijua kwa pande zote mbili. Simu yako haina kosa. Mkinunua kamera leo mkaifungua kwa programu ileile, chini ya taa zilezile, kwenye ukuta uleule, yote matatu yatawafuata.

Tuanze na b, maana hiyo ndiyo ya hatari. Programu za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayejitazama usoni. Zinamwonyesha sura yake kama kwenye kioo, ili akitaka kurekebisha kola mkono wake usipotee njia. Walio upande wa pili wa mkutano wanamwona sawasawa, ila yeye anaona kioo, na projekta inarusha kile anachokiona yeye. Mtu mzima akikuta maandishi yamegeuka anacheka na kupita. Mtoto wa miaka sita hana cha kulinganisha. Neno zima likigeuka angalau utashtuka mwenyewe: "baba" inakuwa kitu kama "adad", na a zake zimekupa mgongo. Lakini herufi b ikiwa peke yake inageuka kuwa d safi kabisa, haina doa. Wewe unatamka sauti ya b, ukuta unaonyesha d, na watoto 72 wanaandika walichokiona.

Kabla hujagusa mipangilio, jua kwanza nani anayegeuza. Itazame saa iliyo kwenye kona ya skrini ya laptopu, lakini itazame kule ukutani. Kama saa nayo imegeuka, mwenye kosa ni projekta: imewekwa kwenye hali ya kurusha picha kutoka nyuma ya pazia. Ingia kwenye menyu yake uirudishe kurusha kutoka mbele. Kama saa inasomeka na herufi zako tu ndizo zimegeuka, ni programu. Zoom kwa mfano ina kisanduku cha tiki kwenye mipangilio ya video kinachohusu kioo. Toa tiki hiyo. Mimi hata hivyo huwa nawaambia walimu waachane na programu za mikutano kabisa, wapakue OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi na kuonyesha video. Unaiongeza kamera kama chanzo cha video, unaigeuza au kuizungusha unavyotaka, kisha unaitandaza skrini nzima. Ukiipanga mara moja, kesho unaikuta ilivyo.

Usichanganye kugeuka kwa kioo na kupinduka juu chini. Ukikaa nyuma ya meza ukiwatazama watoto na simu ikawa imefungwa kinyume, b inakuwa q, n inakuwa u, 6 inakuwa 9. Hilo linatibiwa kwa kuizungusha picha nyuzi 180. Ugonjwa wa kioo hautibiki kwa kuzungusha, hata uzungushe hadi kengele ya kwenda nyumbani. Kata kipande cha boksi, andika b na 6 kwa kalamu nene, kiweke pembeni ya laptopu. Kila asubuhi kiwe kitu cha kwanza kupita chini ya kamera. Ukutani kisomeke kama unavyokisoma mezani. Sekunde tano tu, wala usiziruke siku ambayo mtu ameazima laptopu jana yake.

Mkono kuwa kivuli: hapo kamera inajitahidi kukusaidia na inakosea. Inapima mwanga wa picha nzima. Karatasi nyeupe imejaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza mpaka karatasi itulie, na ngozi zetu hizi zinabaki kama mkaa. Halafu mkono ukitoka, picha inabadilika tena, na kila ukiingia fokasi, yaani ule ukali wa picha, nayo inatafutatafuta. Dawa yake iko kwenye duka la vifaa vya shule: karatasi ya kaki, ile ya kufungia madaftari. Funika meza yote inayoonekana na kaki, juu yake weka kipande kidogo cha karatasi unachoandikia, badala ya A4 nzima. Weka mkono wako mahali utakapoandikia, bonyeza na kushikilia kidole kwenye skrini ya simu hapo kwenye mkono mpaka ikuambie imefunga fokasi na mwanga. Ikiwa programu yako haina uwezo huo, kaki peke yake itakutoa nusu ya safari. Na taa ya mezani, kama ipo, itoke pembeni upande wa kushoto ikiwa unaandika kwa mkono wa kulia. Ikitoka juu ya kamera itang'aa kwenye kurasa za vitabu vyenye karatasi laini, kwenye kadi za plastiki, na zaidi ya yote kwenye sarafu. Niliwahi kufundisha fedha kwa sarafu ya shilingi 200 ambayo darasa zima liliiona kama jua.

Mistari inayopanda ni umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za tyubu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyopangiwa 60 Hz, kama wanavyotumia Marekani, inakwenda kinyume na mdundo huo na mistari inatokea. Kwenye mipangilio ya kamera tafuta sehemu yenye 50 na 60, weka 50. Kama haipo, zima tyubu iliyo juu ya meza yako, tumia mwanga wa dirisha.

Sasa watoto wa nyuma. Najua mmefanya nini: mmeirudisha projekta nyuma mpaka picha ikajaa ukuta. Kila mtu hufanya hivyo siku ya kwanza. Lakini mwanga wa projekta ni uleule; ukiutandaza unapungua kama uji ulioongezwa maji. Picha ya upana wa mita 2 ukiipunguza ikawa mita 1.4, eneo linakuwa nusu na mwanga unakuwa maradufu. Kwenye madarasa yetu yenye madirisha pande mbili na hakuna pazia, mwanga huo ndio unaoamua kama herufi inaonekana. Kwa hiyo punguza picha, kuza herufi. Na picha irushwe kwenye ukuta ambao jua haliupigi saa ya kipindi chako, hata kama siyo ukuta wenye ubao.

Herufi iwe kubwa kiasi gani? Kanuni ninayotumia ni sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtoto aliye mita 8 kutoka ukutani anahitaji herufi ya karibu sentimita 6.7. Ukionyesha A4 iliyolala, yenye upana wa sentimita 29.7, kwenye picha ya mita 1.4, kila kitu kinakuzwa kama mara 4.7. Herufi ya daftari yenye milimita 5 itafika ukutani ikiwa na sentimita 2.4 hivi. Haisomeki kule nyuma, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayoibadilisha hesabu hiyo. Lakini andika kwa maka pen, herufi ya sentimita 1.5, unapata sentimita 7 ukutani. Ukitaka kuonyesha daftari lenyewe, shusha kamera mpaka ione sentimita 10 tu za ukurasa, neno moja au mawili, usonge mbele neno kwa neno. Halafu nenda ukakae kwenye dawati la mwisho, usome mwenyewe. Usiwaulize watoto kama wanaona, Darasa la Kwanza wote watakujibu "ndiyo mwalimu."

Hapa niseme kitu ambacho hukuuliza. Kamera hii inauzwa kama chombo cha kuonyesha karatasi. Kwa watoto wadogo faida yake kubwa ni mkono. Ukiandika ubaoni unawapa mgongo, na herufi inazaliwa nyuma ya bega lako. Wanaiona ikiwa imeshakamilika. Hawajui ulianzia wapi. Ndiyo maana unakuta mtoto anaandika a kwa kuchora duara kuanzia chini, kisha anaibandikia mkia. Chini ya kamera wanaona ncha ya kalamu inapogusa karatasi, inapopanda, inaposimama, na wewe unawatazama usoni wakati huohuo. Andika polepole kuliko unavyodhani. Sema unachofanya: naanza juu, nashuka, napanda katikati, nazunguka, hiyo b. Shika kalamu mbali kidogo na ncha, na stendi ya kamera iwe upande usioandikia, ili kiganja kisifunike herufi. Tumia waya, usitumie Wi-Fi, maana picha ikichelewa hata nusu sekunde sauti yako na kalamu yako vitaachana.

Kuhesabu pia kunanoga. Vizibo vya soda vinane juu ya kaki, unavisogeza kimoja kimoja, unawaacha wahesabu. Ukivihamisha vitatu kwa mpigo wameshapotea. Na kusoma, pale vitabu visipowatosha watoto: kidole chako chini ya silabi, taratibu, wanafuata.

Zima baada ya dakika kumi. Mtoto hajifunzi kuandika kwa kutazama ukuta. Aende kwenye daftari lake, na wewe uzunguke. Mwalimu akishapata kamera kishawishi ni kukaa nyuma ya meza kipindi kizima, na nimewaona wengi wakinaswa hapo, mimi nikiwemo.

Kuhusu kuonyesha kazi za watoto, nenda pole. Niliwahi kuweka daftari la mtoto chini ya kamera kuwaonyesha wenzake kosa, jina likiwa juu. Darasa lilicheka. Kwa siku nyingi yule mtoto alikuwa akiandika huku amefunika daftari kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo funika jina, omba ruhusa, au andika hilo kosa kwa mwandiko wako mwenyewe na useme ni la kwako. Wanapenda sana kumsahihisha mwalimu.

Maadamu unatumia simu, iweke kwenye hali ya ndegeni kabla ya kipindi. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alirushiwa ukutani ujumbe wa kudaiwa mkopo katikati ya silabi za "ma me mi mo mu." Watoto wa Darasa la Kwanza hawakuusoma. Mratibu aliyekuja kukagua aliusoma. Simu pia itapata joto ikikaa kwenye chaja na kamera imewaka, kwa hiyo dakika zako kumi zitaifaa na yenyewe. Waya wa projekta ubandikwe sakafuni kwa utepe wa gundi, na projekta isikae usawa wa macho ya watoto wanaopita kwenda chooni.

Kuhusu kununua, ushauri wangu kwa mwalimu mkuu ni huu: tumieni simu muhula mmoja mkiwa mmesharekebisha haya. Kama mwisho wa muhula bado unaitumia kila siku, nunueni, kwa sababu kufunga na kufungua simu kila asubuhi kunachosha na simu ni yako. Msinunue kwa kufuata megapikseli, yaani mamilioni ya nukta za picha. Muuzaji atawatajia 13, lakini projekta nyingi za shule zina nukta 1280 kwa 800, yaani karibu megapikseli moja tu. Zilizobaki haziendi popote. Ulizeni kama ina kitufe cha kufunga fokasi, kama mwanga unarekebishwa kwa mkono, kama shingo inasimama bila kulegea, na kama inafanya kazi kwa waya mmoja wa USB bila kuhitaji programu ya kampuni yake. Waya huo usizidi mita 5.

Nendeni dukani na laptopu ya shule, kalamu na kile kipande cha boksi chenye b na 6. Muuzaji aifungue, aichomeke, uandike mbele yake huku mwalimu mkuu akitazama skrini. Akisema boksi halifunguliwi mpaka mlipie, jaribuni duka la pili.