Hadithi ya vichimbakazi na harusi ya kifalme: kwangu ilipona nilipolifukuza joka

Mleta mada, nimekuelewa vizuri. Binti yako wa miaka sita kila usiku anataka vichimbakazi, wale viumbe wadogo wa kichawi wenye mabawa, waokoe harusi ya kifalme, nawe kila ukianza hadithi inakufia mdomoni. Anauliza "halafu?" mara mbili, kisha anageukia ukutani. Umeuliza wenzako tunafanyaje. Binafsi nimekaa pembeni ya kitanda hicho hicho. Wangu alikuwa na miaka saba, na harusi moja ilituchukua usiku kumi na tisa.

Nilianza kwa kuharibu. Nilileta joka, nikaleta jeshi la majini na mazimwi, nikachoma kasri. Usiku wa tatu mtoto akaniuliza, "Baba, kwani hilo joka halichoki?" Akalala. Nikabaki na joka langu gizani, nalo lilikuwa limechoka kweli. Nilikuja kugundua kwamba kasri zima likiwaka, mtoto hana cha kufanya ndani ya hadithi. Anakaa kutazama watu wazima wakihangaika, na hilo analiona mchana kutwa.

Dawa niliipata kwenye harusi ya kweli, ile ya Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, na Philip, tarehe 20 Novemba 1947. Asubuhi ya siku yenyewe taji la almasi likavunjika wakati bibi harusi anavishwa. Fundi wa vito akalikimbiza karakana kwa kusindikizwa na polisi. Kuja kutafuta mikufu ya lulu aliyopewa na baba yake, haipo! Ilikuwa imeachwa kasri jingine, St James's, pamoja na zawadi nyingine zaidi ya 2,500 zilizowekwa watu wazione, ikabidi katibu wake, Jock Colville, atoke mbio kuifuata huku barabara zimefurika umati. Na shada la maua nalo halionekani, kumbe mtumishi aliliweka kwenye kabati lenye ubaridi ili lisinyauke. Vitu vitatu, vyote vinaenea kwenye kikapu kimoja, na harusi iliyosubiriwa na dunia nzima ikaning'inia hapo.

Usiku ule nikalifukuza joka. Nikasema: kichimbakazi mmoja, kimo chake kidole gumba, alipenya kwenye tundu la ufunguo akakuta chumba kizima kinalia. Shada halipo. Mtoto akainuka akakaa. "Wameangalia kabatini?" Nakuapia sikuwa nimetaja kabati. Nikamwambia sijui, ngoja tumuulize kichimbakazi. Hakulala mpaka makabati yote ya kasri yakafunguliwa, na kila kabati alilitaja yeye: la viatu, la mablanketi, la sufuria, na moja dogo la kuwekea makabati mengine. (Hilo la mwisho usiniulize.)

Kuanzia hapo nikawa napoteza vitu vidogo tu, na kila kitu nakipa sababu ya kutafutwa. Hapa harusi za kifalme zina utajiri wa ajabu, huna haja ya kubuni sana. Kwa mfano, kwenye mashada ya mabibi harusi wa familia ya kifalme ya Uingereza huchomekwa kijitawi cha mhadasi, kichaka chenye majani yanayonukia, desturi inayorudi nyuma hadi 1858, alipoolewa binti mkubwa wa Malkia Victoria. Mimi nikaiba hicho kijitawi peke yake. Shada zima lipo, limependeza, watu wazima wote wameridhika, ila msichana mmoja na kichimbakazi wake ndio walioona kwamba kuna pengo dogo la kijani. Sijawahi kuona macho makubwa kama yale. Watoto wanapenda sana kuona kile ambacho wakubwa hawakukiona.

Kitu cha pili ni saa. Harusi ina muda wake, na hiyo ni bahati yako kubwa. Nikaweka kengele mnarani: ya kwanza wageni wanaingia, ya pili bwana harusi anafika, ya tatu ikilia bila pete hakuna ndoa. Kila usiku nilimalizia kamba ya kengele ikianza kutikisika. Usimalizie pale ambapo kitu kimeshapatikana, kesho yake hatakukumbusha.

Uchawi ubane. Fimbo inayotenda kila kitu inaua hadithi ndani ya dakika mbili, maana shida yoyote inaondoka kwa kupunga mkono. Sisi tulikubaliana kichimbakazi ana chembe tatu tu za vumbi la mabawa. Usiku wa tano binti yangu akatumia moja kukausha kiatu cha bibi harusi kilichotumbukia kwenye tope. Usiku wa tisa tukakwama mbele ya mlango uliofungwa, tumebakiwa na mbili. Alikaa kimya, halafu akasema taratibu, "Kile kiatu tungekipangusa tu." Alijutia kile kiatu siku nne, na mimi nikajua hadithi imeingia.

Jina pia litakusumbua kidogo. Wangu aliposikia "kichimbakazi" mara ya kwanza alicheka akauliza kama wanachimba mashimo. Nikasema ndiyo. Basi vichimbakazi wetu wakawa na vijembe, wanapita chini ya zulia la kasri badala ya kuruka, na kwa kweli ilisaidia, kwa sababu anayeruka hafiki kwa jasho.

Mwizi wa vile vitu vyetu vilivyopotea ndiye alinitoa jasho mimi. Nikamfanya kichimbakazi anayelinda kengele. "Kwa nini ameiba?" Nikajibu kwa uvivu kwamba ana roho mbaya. "Hapana Baba, mwambie aseme." Ikabidi aseme. Ikatoka kwamba binti mfalme ndiye pekee aliyekuwa akipanda mnarani kumsalimia, na akishaolewa anahama. Alitaka harusi iahirishwe siku moja tu. Hilo sikulipanga, lilitoka pale pale kitandani kwa sababu nilibanwa. Ushauri wangu, ukibanwa usikimbilie "ni mbaya tu." Nyamaza kidogo, jibu litakuja, au ataleta yeye.

Harusi yenyewe ipitishe haraka. Mapenzi, hotuba na machozi ya mama, watoto hawana habari nayo. Wanachotaka ni kitu kirefu na kosa la kuchekesha, na harusi ya Diana na Charles ya 29 Julai 1981 ina vyote viwili. Mkia wa gauni ulikuwa na urefu wa mita 7.6 hivi. Tulitandika mashuka matatu na taulo kwenye korido mpaka ukafika mlangoni, na ndipo akaelewa kwa nini vichimbakazi kumi na wawili hawakutosha kuubeba. Halafu Diana kwenye kiapo akayapindua majina ya bwana harusi, akaanza na Philip badala ya Charles. Nilipomsimulia alicheka mpaka mama yake akaja kutuambia tulale. Kwenye hadithi yetu binti mfalme naye akakosea jina, na mlinzi wa kengele, ambaye tayari alikuwa amesamehewa na kupewa ncha ya mkia aishike, ndiye aliyemnong'oneza lile sahihi.

Usiku wa leo anza na shada lililopotea. Akikuuliza liko wapi, mwambie hujui, na uwe hujui kweli.