Picha za wageni zikusanywe ndani ya wiki

Wiki iliyopita niliandika hapa kuhusu harusi ya mdogo wangu, Morogoro, mwaka 2016. Memori kadi ya mpiga picha wetu iligoma kusomeka, na kila tulichonacho cha siku ile kimetoka kwenye simu za wageni. Maswali yamekuja mengi, na karibu yote yanaulizia jambo moja: picha zilizotawanyika kwenye simu za watu zinarudije nyumbani na kukaa mahali salama? Nimechagua saba.

Shikamoo. Harusi yangu ni Desemba, wageni 350. Nataka kila atakayepiga picha, iingie kwenye akaunti yangu bila mimi kumfuata mtu mmoja mmoja. Inawezekana?
*Bibi harusi mtarajiwa, Dodoma*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Inawezekana, ila hilo la kutomfuata mtu nitakuvunja moyo kidogo.

Njia iliyo karibu zaidi ni albamu ya pamoja ya Google Photos, programu ya Google ya kuhifadhi picha mtandaoni. Ifungue mapema, iruhusu ipokee picha za wengine, kisha linki yake igeuze kuwa msimbo wa QR, ule mraba unaosomwa na kamera ya simu, na uuchapishe kwenye vile vikadi vya namba za meza. Albamu moja inabeba picha na video hadi 20,000, kwa hiyo wageni wako hawataijaza. Anayetaka kuweka picha lazima awe na akaunti ya Google. Wenye Android wengi wanayo tayari, ila baadhi ya wenye iPhone watakwama hapo.

Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu nimeona maharusi wakilia: picha aliyoiweka shangazi kwenye albamu yako bado ni ya shangazi. Inakaa kwenye nafasi yake, na siku akiifuta ili simu ipumue, inatoweka na kwako pia. Inakuwa yako pale tu unapoifungua na kuihifadhi kwenye maktaba yako mwenyewe. Kuanzia hapo inahesabiwa kwenye nafasi yako. Kazi hiyo usiiache mpaka mrudi fungate.

Njia nyingine ni ombi la faili la Dropbox, huduma nyingine ya kuhifadhi faili mtandaoni. Unatuma linki, mgeni anapakia picha bila kuwa na akaunti yoyote, nazo zinaingia kwenye folda yako moja kwa moja. Haoni picha za wenzake, na akifuta zake kwenye simu, zako zinabaki. Kasoro yake ni nafasi: akaunti ya bure ina GB 2 tu, yaani picha kama 500 za MB 4 kila moja. Kwa watu 350 utalazimika kulipia.

Sasa hilo la kuwafuata watu. QR mezani itakuletea picha chache. Watu wako kwenye chakula, mtandao wa ukumbini umezidiwa, na bando wanalibania. Katika kila harusi wanaopiga picha kwa bidii ni wachache, na unawajua. Teua watano kabla ya siku: mmoja upande wa bwana harusi, mmoja upande wako, mmoja wa kazini, mmoja wa kanisani au msikitini, mmoja wa majirani. Waambie kwa majina kwamba unazitegemea picha zao. MC atangaze mara moja tu, baada ya chakula na kabla muziki haujafunguliwa. Halafu Jumatatu asubuhi, watu wakiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini, tuma linki tena pamoja na neno la shukrani. Mimi naiamini Jumatatu hiyo kuliko QR ya meza 40.

Sisi kamati tayari tuna kundi la WhatsApp lenye picha zaidi ya elfu moja. Kuna haja gani ya kuhangaika na mawingu, hizi hifadhi za mtandaoni?
*Mwanakamati, Mwanza*

Ipo haja, kaka, na nitakueleza kwa kisa changu mwenyewe.

Kwenye ile harusi ya Morogoro, jirani alimpiga bibi yetu mzaa mama picha akiwa amekaa pembeni, kitenge cha njano, anacheka kitu ambacho hakuna anayekikumbuka. Picha ikatumwa kwenye kundi. Miaka mitatu baadaye bibi alifariki, na ile ndiyo picha tuliyotaka iwekwe kwenye fremu kubwa mbele ya jeneza. Mchapaji aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza, akanitazama kwa huruma. Uso wa bibi ulikuwa vijimiraba. Tulimtafuta jirani, simu ile alishaiuza zamani.

WhatsApp ikituma picha kwa kawaida huikamua, upande mrefu unabaki kama pikseli 1,600, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Kuchapa kwa ubora mzuri kunahitaji pikseli 300 kwa inchi, kwa hiyo picha hiyo inafaa kwenye karatasi ya inchi tano hivi. Ukitaka kumkata mtu mmoja kutoka kwenye kundi la watu kumi, hakuna kilichobaki cha kukuza. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD, yaani ubora wa juu, nalo ni afadhali, lakini bado si picha yenyewe. Inayofika kama ilivyopigwa ni ile inayotumwa kama hati: mgeni agonge alama ya kuambatisha, achague Hati badala ya Picha, kisha aitafute picha yake. Faili moja inaweza kufika GB 2, hivyo hata video inapita.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Ikitumwa kama picha, inapoteza taarifa zake za ndani, yaani tarehe na saa ilipopigwa. Kwenye simu yako ya Android itaitwa IMG, tarehe uliyoipokea, halafu WA na namba. Mtu akikutumia picha zake Februari, harusi ya Desemba itajipanga Februari.

Msilivunje kundi. Litumieni kuulizia: "Nani alipiga hii? Tafadhali tuma kama hati." Anzeni wiki hii, kwa sababu picha ambayo hukuipakua mapema, baadaye WhatsApp hukwambia umwombe aliyetuma aitume tena.

Google inaniambia nafasi imejaa na bado sijaweka hata picha moja ya send-off yangu. Nifanyeje?
*Msomaji, Kibaha*

Zile GB 15 za bure ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, na tangu 2024 nakala za WhatsApp za Android nazo zinakula humo humo. Anza na hiyo ya WhatsApp: toa video kwenye nakala hiyo, mara nyingi ndiyo mzigo. Usiache akaunti ikae imejaa, maana Gmail itaacha kupokea barua, na hiyo ni barua ya kazi au ya benki unayoisubiri.

Ukikadiria MB 4 kwa picha, GB 15 tupu ni picha 3,750. Video ndiyo inayomaliza. Kwenye iPhone dakika moja ya video ya 1080p, ubora wa kawaida, ni kama MB 60, na ya 4K, ubora wa juu zaidi, ni kama MB 170, kwa hiyo nusu saa ya 4K ya mama akiingia ukumbini ni GB 5. Kwa shughuli moja kubwa kifurushi cha GB 100 kinatosha kabisa, nacho hulipiwa mwezi kwa mwezi. Upakiaji uufanye usiku: GB 10 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni saa nne na nusu hivi. Weka kwenye mipangilio kwamba ipakie kwa Wi-Fi tu, la sivyo utaamka bando limekwisha.

Baba yetu alizikwa Tanga mwezi uliopita. Mimi sikuwahi ndege. Binamu zangu walipiga picha nyingi lakini naona aibu kuwaomba, msiba si harusi. Naanzia wapi, nikiwa huku?
*Binti wa kwanza, Muscat*

Pole sana, dada. Mungu amrehemu mzee.

Usione aibu. Waliokuwepo waliliona pengo lako, na wengi wanazo picha wasizojua wazipeleke wapi, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutuma picha ya kaburi kwenye kundi. Mpigie simu binamu mmoja unayemwamini. Usimwandikie, mpigie. Mwombe awe mkusanyaji: apite kwa wenzake, achukue simu zao, picha ziingie kwenye folda moja ya Drive uliyomshirikisha kwa barua pepe. Usitengeneze linki ya wazi, picha za msiba zikizagaa huumiza watu mara mbili. Akiwa na kompyuta, anaweza kuzihamisha kwa waya kwenye flashi kwanza, kisha azipakie akiwa na mtandao mzuri.

Mwambie asizichague. Atataka kukuondolea zile ngumu, na nia yake ni njema, lakini uamuzi huo ni wako, na unaweza kuufanya hata baada ya miaka mitano. Zote zije, ziwekwe kwenye folda ambayo hailazimiki kufunguliwa.

Jambo dogo la saa: Muscat iko saa moja mbele ya Tanga. Ukiona mpangilio hauendani na anavyosimulia mama, huenda ndiyo sababu. Na faili atakazopakia binamu kwenye Drive ni mali ya akaunti yake, hata kama folda ni yako. Zipakue zote, uzipakie upya kwa akaunti yako.

Nimeweka nakala zote Google Photos, nikafuta kwenye simu kupata nafasi. Sasa hata Google Photos hazipo!
*Mwanafunzi, Arusha*

Fungua Tupio ya Google Photos sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Picha iliyokuwa imeshahifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, kisha inapotea kabisa. Kwenye iPhone, Zilizofutwa Hivi Karibuni hukaa siku 30.

Kilichotokea ni kwamba programu hizi husawazisha: ulichofuta huku kinafutwa na kule. Kupunguza mzigo kwenye simu tumia kile kitufe cha kuongeza nafasi kilichomo ndani ya programu yenyewe, ambacho huondoa ya simuni na kuacha ya mtandaoni. Ndiyo maana wapiga picha wengi hufuata kanuni aliyoieneza mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Wingu ni moja tu kati ya hizo tatu. Nunua diski ya nje, mwanangu, hata ndogo.

Kwetu upande wa wanawake watu wanavua buibui na kucheza kwa raha zao. Tunataka kumbukumbu, lakini hatutaki picha zionwe na wanaume. Tufanye nini?
*Mama wa bibi harusi, Mombasa*

Mama, swali hili nalipenda kwa sababu hatari yenyewe imejificha. Wengi wanaogopa mtu mbaya atakayesambaza. Mara nyingi zaidi ni mtu mwema: shangazi anatuma picha kumi kwenye kundi la ukoo, simu ya kila mwanamume aliyemo inazipakua zenyewe, Google Photos yake inazinyakua kutoka kwenye folda ya WhatsApp, na usiku zimeshatua kwenye tableti ya sebuleni ambayo watoto wanachezea. Hakuna aliyekusudia.

Ushauri wangu ni ule ule wa wazee wa pwani: simu zikusanywe mlangoni kwenye kikapu, apige mtu mmoja. Awe binti anayeaminika, na simu yake awe amezima upakiaji wa moja kwa moja kabla ya kuingia. Baada ya shughuli picha ziende kwenye diski au akaunti ya bibi harusi peke yake, yenye neno la siri ambalo halijui mtu mwingine na uthibitisho wa hatua mbili, kisha zifutwe kwenye simu ya mpigaji na kwenye tupio lake mbele yenu. Anayetaka yake achapiwe kwenye karatasi. Linki ya albamu isitumwe kwa yeyote, maana mwenye linki anaona zote.

Napamba kumbi. Wateja hunipa linki za albamu zao. Naweza kuchukua picha humo nikatangazie biashara?
*Mpambaji, Nakuru*

Maua na meza, ukimwomba mwenye albamu na aliyepiga, sawa. Nyuso za wageni, hapana, mpaka mwenye uso akubali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kuwa na linki si kuwa na ruhusa.

Nafasi inanibana, lakini niongeze neno kwa wote mliosema mmefungua akaunti mpya kwa ajili ya harusi tu. Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Ingieni humo kila siku ya kumbukumbu ya ndoa yenu, mtazame picha kadhaa, mtoke. Na kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kumtaja mtu atakayepewa vitu vyako usipoonekana kwa muda uliouchagua. Mimi nimemwandika mdogo wangu, yule yule wa Morogoro.