Kazi unaijua, ushahidi uko wapi?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu ambao mikono yao inaijua kazi lakini mlango haufunguki. Tumechagua nne.

SWALI: Nimetandika vyumba katika hoteli moja ya Nyali kwa miaka 6. Masika yakianza tunaachishwa, msimu ukirudi tunaitwa. Mwaka huu sikuitwa. Kila hoteli ninayokwenda naulizwa barua, na sina hata kikaratasi. Dada wa Kisauni.

JIBU: Dada, karatasi hiyo si fadhila, ni haki yako. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi yeyote aliyemfanyia kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Cheti hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali ulipoifanyia, na siku uliyoacha. Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe ametenda kosa: faini hadi Sh100,000, au kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili.

Hata hivyo usiingie mlangoni na sheria mkononi. Wanaorudi mikono mitupu mara nyingi ni wale walioomba "barua ya kunisifu", na sifa mwajiri halazimiki kuziandika. Tenganisha mambo mawili. Kwa ofisi ya wafanyakazi, omba cheti cha utumishi kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama umesahau tarehe, zitafute kwenye ujumbe wa mishahara ya M-Pesa, taarifa ya benki au rekodi zako za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wakikuzungusha, ipeleke nakala ile yenye muhuri ofisi ya leba.

Kisha mwendee supavaiza aliyekuwa akikukagua vyumba. Huyu ndiye anayekujua. Mwombe mistari mitano tu: ulikuwa ukimaliza vyumba vingapi kwa zamu, kama ulishika funguo za ghorofa, ulifanya nini na vitu vilivyosahauliwa na wageni, ulifika saa ngapi, na namba yake ya simu chini. Barua inayosema "ni mchapakazi na mwaminifu" haina uzito, maana zote husema hivyo.

Mistari hiyo si mchezo. Martin Abel, Rulof Burger na Patrizio Piraino walilipima jambo hili Afrika Kusini, wakachapisha matokeo 2020: maombi ya kazi yaliyoambatanishwa na barua ya mwajiri wa zamani yaliitwa na waajiri kwa asilimia 60 zaidi ya yasiyokuwa nayo, na walionufaika hasa ni wanawake.

SWALI: Nachomelea vyuma Changamwe mwaka wa 9 sasa, nimefunzwa na mjomba. Kampuni zinataka cheti. Nirudi chuo miaka miwili na nina watoto? Fundi.

JIBU: La, usifunge karakana. Fanya kwanza mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ule ambao mafundi wanauita tredi testi. Huanzia Gredi ya 3, kisha ya 2, kisha ya 1, na unawafaa pia waliojifunza kazini. Hufanywa kwa misimu, kwa hivyo nenda ofisini kwao mapema uulize mambo matatu: siku ya mwisho ya kujiandikisha, ada ya fani yako, na kituo utakachofanyia. Angalia jina lako kwenye kitambulisho na kwenye fomu yawe sawa herufi kwa herufi. Cheti chenye jina lililokosewa kinakurudisha palepale.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kinachowaangusha mafundi wa jua kali. Si mkono. Kwanza ni mchoro: umezoea mteja akuonyeshe geti la jirani, mtihanini unapewa karatasi yenye vipimo vya milimita na alama za kuunganisha. Tafuta mtu aliyepita chuo akufundishe kusoma mchoro, jioni mbili kwa wiki, hata mwezi mzima. Pili ni kupima kwa jicho. Zoea futi na skwea hata kwa kazi ndogo. Tatu ni moto. Wengi huiacha mashine palepale kwa kila rodi, ilhali rodi ya 2.5 mm hutaka takriban ampea 60 hadi 90, na ya 3.2 mm takriban 90 hadi 130. Moto ukizidi, ukingo wa chuma unaliwa. Ukipungua, chuma cha rodi kinakaa juu bila kushika. Na hapa Pwani kuna adui wa nne, unyevu: rodi zilizokaa wazi hunyonya maji hewani na mshono unatoka na vitundu. Zifunge kwenye kopo lenye kifuniko tangu unapozinunua. Mwisho, vaa glavu, aproni, viatu vigumu na kioo kila siku, ili siku ya mtihani usiwe ukijifunza kuvivaa.

Huenda unajiuliza kama cheti kina faida kweli kwa mtu mwenye ujuzi wako. Uganda walilinganisha vijana waliosomea ufundi miezi 6 chuoni wakapata cheti, na wenzao waliofunzwa ndani ya karakana. Utafiti huo ulichapishwa 2020. Mwanzoni makundi yote mawili yaliinuka. Baadaye waliofunzwa karakanani walishuka: wakipoteza kazi ya kwanza, mwajiri wa pili hakuwa na njia ya kujua wanachokijua. Wenye cheti waliweza kuhama na ujuzi wao. Kwa maoni yetu, hilo ndilo tatizo lako, na dawa yake ni siku chache za mtihani, si miaka miwili ya chuo.

SWALI: Nina Sh3,000 za kutafutia kazi. Nizitumie kwa nauli ya kuzunguka ofisini au kwa nini? Kijana wa Likoni.

JIBU: Feri unavuka bure kwa miguu, kwa hivyo anza na hilo. Addis Ababa, watafiti waliwapa vijana wengine nauli ya kutafuta kazi, wengine warsha ya kuandaa wasifu na kujibu maswali ya usaili pamoja na vyeti vya majaribio ya ujuzi. Miaka minne baadaye, waliopita warshani walikuwa wakipata kipato kikubwa zaidi. Wa nauli hawakutofautiana na wasiopewa kitu. Weka sehemu kubwa kwenye kitu kinachothibitisha uwezo wako, nyingine iwe nauli ya mahali ulikoitwa.

SWALI: Nimetoka gereza la Shimo la Tewa baada ya miaka 3. Naogopa cheti cha polisi cha tabia njema. Nifiche? Msomaji wa Mtopanga.

JIBU: Usifiche, ndugu yetu. Cheti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha alama za vidole huchukuliwa, kwa mfano Huduma Centre ya Mombasa pale Posta, na rekodi itaonekana. Uongo ukigunduliwa unaipoteza kazi ambayo huenda ungeachiwa.

Jua pia kwamba marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Ajira yanamzuia mwajiri kukudai vyeti vya aina hii kabla hajakusudia kukupa mkataba. Kwa hivyo unayo nafasi ya kuonekana kazi yako kwanza. Itumie: omba kupimwa kwa vitendo, hata siku moja.

Na usingoje kazi nzuri. New York, mradi uliowapa waliotoka gerezani kazi za muda mara moja ulipunguza idadi ya waliorudi jela, hasa kwa waliofika ndani ya miezi 3 tangu kutoka. Lakini manufaa ya ajira yalififia kazi ya muda ilipokwisha. Chukua kibarua sasa, na tangu wiki ya kwanza weka daftari la tarehe, kazi na jina la msimamizi, ili kikiisha usitoke bila barua. Kama ulifanya mtihani wa ufundi ukiwa ndani, fuatilia cheti chake. Ofisi ya probesheni nayo hushughulikia waliotoka. Peleka ombi la vifaa vya kazi kwa maandishi.

Ukiulizwa, sema sentensi tatu: kosa kwa jina lake, kwamba kifungo umekimaliza na tarehe, na unachofanya tangu hapo pamoja na jina la anayeweza kupigiwa simu. Kisha nyamaza, umngoje aulize.