Kaboni kumi na nne, si kaboni ya kumi na nne

SWALI: Ninafundisha kemia kidato cha pili wilayani Bahi. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini muundo wa atomi usipopitia Kiswahili hauwaingii. Juzi mwanafunzi mmoja kasema, "Kaboni ya kumi na nne ni isotopi ya atomi ya kaboni." Mwenzake akadakia kwamba ni "chembe pacha". Nimewaelewa wote wawili, ila masikio yamekataa. Kosa liko wapi? Halafu, ni atomi au atomu?

JIBU: Masikio yako yako sawa, Mwalimu. Tuanze na hiyo "ya", maana ndiyo inayoharibu kemia yenyewe.

A-unganifu ikitangulia namba hutaja nafasi katika mfuatano: siku ya kumi na nne, aya ya kumi na nne. Kwa hiyo "kaboni ya kumi na nne" inatuambia kuna kaboni kumi na tatu zilizotangulia, na huo ni uzushi. Hiyo 14 haitaji foleni. Inahesabu vilivyomo ndani ya kiini: protoni 6 na nyutroni 8. Kaboni 12 ina protoni zilezile 6, nyutroni 6. Hizo ndizo isotopi: aina za elementi moja, zenye protoni sawa lakini nyutroni tofauti. Ni kama vibao vya nyumba zetu siku hizi. Mgeni aliyeelekezwa nyumba namba 14 pale Area C, Dodoma mjini, akianza kuhesabu milango kutoka barabarani hadi afike ya kumi na nne, atapiga hodi kwa watu wasiomjua. Namba hapa ni jina, basi itamke kama jina: kaboni kumi na nne.

Huko kwenu mfano mwingine uko mlangoni, kwa sababu Bahi imewahi kufikiwa na watafutaji wa urani. Urani itokayo ardhini, zaidi ya asilimia 99 yake ni urani 238. Urani 235 ni kama asilimia 0.7 tu. Zote zina protoni 92, lakini moja ina nyutroni 146 na nyingine 143. Sasa jaribu kusema "urani ya mia mbili thelathini na nane" uone foleni ilivyokuwa ndefu.

Kosa la pili limejificha zaidi: "isotopi ya atomi ya kaboni". Mtama una aina zake, mweupe na mwekundu. Punje moja ya mtama haina aina zake. Yenyewe ni ya aina fulani. Hivyohivyo, mwenye isotopi ni elementi, si atomi. Sema "isotopi za kaboni", na ukishika atomi moja sema "atomi hii ni ya kaboni 14". Kosa hili nimelikuta hata katika maandishi ya watu wazima.

"Chembe" nayo ni neno zuri lililobebeshwa mizigo mingi. Kuna chembe ya mchanga, kuna chembe hai kwa maana ya seli, na kuna mtu asiye na chembe ya haya. Liache libaki neno la jumla: protoni, nyutroni na elektroni ni chembe zinazounda atomi. Pacha ningelivumilia mdomoni, si daftarini. Bati lina isotopi thabiti 10. Pacha gani hao?

Jina lenyewe lina picha nzuri kuliko hiyo. Frederick Soddy alilitumia mwaka 1913 baada ya kupendekezewa na daktari Margaret Todd, kutokana na Kigiriki, kwa maana ya "mahali pamoja": isotopi za elementi moja hukaa kisanduku kimoja katika jedwali la elementi. Waambie wanafunzi ni wapangaji wa chumba kimoja wanaopishana kilo. Watacheka, na hawatasahau.

Atomi au atomu? Mimi naandika atomi, ndiyo niliyoizoea kamusini. Lakini simkati alama mtoto wa atomu, kwani neno la kigeni linaloishia na "m" likihamia kwetu hupenda kuongezwa "u": timu, filamu, albamu. Chagua moja, usizichanganye katika ukurasa mmoja. Nisichokubali ni "maatomi". Atomi hii, atomi hizi.